Vesikeli za Nje ya Seli katika Kutafuta Saratani: Utatuzi wa Matatizo ya Vipimo vya Nanoteknolojia

Karibu kila seli ya mwili hutoa vifuko vidogo vilivyozungushiwa utando wa mafuta, na ndani ya vifuko hivyo, vinavyoitwa vesikeli za nje ya seli, hubaki protini na vipande vya RNA vya seli iliyovitoa. Seli ya saratani nayo hutoa vesikeli, nazo huingia katika damu na mkojo, mahali ambapo sampuli hupatikana kwa urahisi kuliko kukata kipande cha uvimbe. Mwaka 2008 Johan Skog na wenzake walionyesha kwamba RNA yenye badiliko la EGFRvIII, linalopatikana katika uvimbe wa ubongo uitwao glioblastoma, inaweza kusomwa ndani ya vesikeli zilizotolewa kwenye seramu ya wagonjwa.

Ugumu wake ni udogo. Eksosomu, yaani vesikeli ndogo zinazoanzia ndani ya seli, zina kipenyo cha takriban nanomita 30 hadi 150, wakati hadubini ya kawaida ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya nanomita 200 hivi. Ndiyo maana tunatumia leza inayofuatilia mwendo wa chembe moja moja, vihisi vya dhahabu vyenye vitundu vya nanomita, na shanga za sumaku zilizopakwa kingamwili. Vyombo hivi vina macho makali mno, na hapo ndipo penye shida: vinaona kila chembe, iwe imetoka kwenye uvimbe, kwenye chakula cha mchana cha mgonjwa, au kwenye chupa ya bafa, yaani maji ya chumvi ya kuzimulia sampuli, iliyokaa wazi wiki nzima. Katika miaka ambayo nimefanya kazi hii, makosa mengi niliyoyaona yalitokea kabla ya sampuli kufika kwenye mashine, na mashine ikalaumiwa bure.

Maelezo haya yamepangwa kwa dalili ambazo wenzetu maabara huzileta tena na tena. Chini ya kila dalili, chanzo cha kawaida zaidi kinatangulia na kile cha nadra kinafuata. Jambo moja linatangulia yote: usianze kutafuta kosa lolote kabla ya kuwa na vipimo vitatu vya kulinganisha vilivyopimwa siku hiyohiyo, yaani bafa tupu iliyopita hatua zote ilizopita sampuli, shanga za polistirini za nanomita 100, na sampuli yenyewe ikiwa imetiwa sabuni ya maabara ya Triton X-100. Bila hivyo vitatu utakuwa unabahatisha.

Dalili ya kwanza: bafa tupu inaonyesha chembe nyingi

Bafa safi ikiwekwa chini ya leza, kioo cha kompyuta huwa cheusi, na labda kitone kimoja au viwili hupita. Bafa chafu huonyesha vitone vyeupe vinavyotetemeka kila mahali, kama vumbi ndani ya mwale wa jua unaopenya dirishani. Anayeona hivyo kwa mara ya kwanza hudhani ni vesikeli zake.

Chanzo cha kawaida ni bafa ya PBS yenyewe. Fosfati iliyomo huungana na kalsiamu au magnesiamu na kufanya punje ndogo sana, hasa bafa ikikaa kwenye jokofu muda mrefu. Tengeneza mpya, ichuje kwa kichujio cha mikromita 0.1 au, ukiwa nacho, cha 0.02, mwaga mililita ya kwanza inayotoka kwa sababu kichujio kipya huweza kuachia uchafu wake, kisha pima tena. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Lisipoishia hapo, fikiria mabaki ya sampuli iliyopita ndani ya chumba cha kupimia. Kisafishe kwa maji yaliyochujwa mara kadhaa, ukitazama kioo kila mara hadi kiwe cheusi. Chanzo cha tatu, ambacho watu hawakitarajii, ni sirinji: pistoni za sirinji nyingi hupakwa mafuta ya silikoni, na matone yake madogo huhesabiwa kama chembe. Tumia sirinji zisizopakwa mafuta, au jaribu kupima bafa ileile ukiiingiza kwa pipeti, ulinganishe.

Mimi hujiwekea mpaka: bafa tupu ikifikia sehemu moja ya kumi ya hesabu ya sampuli, sipimi sampuli yoyote siku hiyo. Na ikiwa umesafisha kila kitu lakini bado kuna mwanga unaoganda mahali pamoja pasipo kusogea, kioo cha chumba huenda kimekwaruzika au leza imehama. Acha, mwite fundi wa mashine. Usifungue kifuniko cha leza mwenyewe kwa sababu yoyote. Macho hayana vipuri.

Dalili ya pili: hesabu ni kubwa mno, lakini viashiria vya vesikeli havionekani

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote. Mashine inasema kuna chembe bilioni nyingi katika kila mililita ya plazma, mtafiti anafurahi, kisha anapotafuta CD9, CD63 au CD81, protini za utando zinazotambulisha vesikeli, anapata ukanda hafifu wa kipimo cha protini, au hapati kitu.

Mara nyingi chembe zilizohesabiwa ni lipoprotini, yaani vibebaji vya mafuta katika damu. Lipoprotini katika plazma huzipita vesikeli kwa idadi mara maelfu na zaidi. Zile za VLDL zina kipenyo cha nanomita 30 hadi 80 hivi, na kailomikroni, zinazoingia katika damu baada ya chakula chenye mafuta, huanzia nanomita 75 na kuendelea hadi mamia. Kwa hiyo leza haina namna ya kuzitofautisha na eksosomu. Ukaguzi wa kwanza hauhitaji mashine yoyote. Inua tyubu ya plazma mbele ya mwanga uitazame. Ikiwa ina weupe kama maji yaliyodondoshewa maziwa, mgonjwa alikula karibuni, na sampuli hiyo haifai. Damu ya vipimo hivi ichukuliwe asubuhi, mtu akiwa hajala usiku kucha, na saa ya mlo wake wa mwisho iandikwe kwenye fomu.

Ukaguzi wa pili ni wa sabuni. Utando wa vesikeli huyeyuka katika Triton X-100, kwa hiyo hesabu inapaswa kushuka sana baada ya kuitia. Punje za protini na punje za chumvi hubaki, na lipoprotini nyingi hustahimili sabuni hiyo ikiwa kidogo. Hesabu isiposhuka, hukuwa unahesabu vesikeli. Kumbuka kupima pia bafa iliyotiwa sabuni pekee, maana sabuni yenyewe huweza kufanya vijichembe vinavyoonekana.

Ufumbuzi wa kina uko kwenye utenganishaji, na hapa lazima mtu aelewe kwa nini njia moja haitoshi. Safu ya kutenganisha kwa ukubwa, kama ile ya Sepharose CL-2B, huondoa vizuri protini huru na lipoprotini za HDL kwa sababu ni ndogo, lakini kailomikroni na VLDL hushuka pamoja na vesikeli kwa sababu ukubwa wao unalingana. Utenganishaji kwa msongamano katika sentrifuji hufanya kinyume chake: VLDL na kailomikroni ni nyepesi na huelea, lakini HDL ina msongamano unaoingiliana na ule wa vesikeli, kwa hiyo hubaki nazo. Kila njia inaacha kile ambacho nyenzake inaondoa. Kwa utafiti wa saratani unaotegemea kiashiria kimoja au viwili vilivyo hafifu, zitumie zote mbili moja baada ya nyingine, hata kama utapoteza sehemu ya vesikeli. Ni bora kidogo kilicho safi.

Ukitumia safu ya mililita 10 na kuipakia nusu mililita ya plazma, kusanya sehemu za nusu mililita kila moja na upime zote, si zile tu ulizozisoma kwenye karatasi ya mtu mwingine. Kwa kawaida vesikeli hushuka karibu na sehemu ya 7 hadi ya 10 na protini nyingi hufuata baadaye, lakini safu iliyopakiwa vibaya au iliyotumika mara nyingi huhamisha vilele hivyo.

Chanzo kingine, kwa wanaotumia vesikeli kutoka kwenye seli zinazokuzwa maabara, ni seramu ya ndama iliyo katika chakula cha seli. Seramu hiyo imejaa vesikeli za ng'ombe. Izungushe kwa saa 18 hivi kwa mara 100,000 ya uvutano wa dunia kabla ya kuitumia, na daima pima chakula kilichokaa siku zilezile katika kabati la joto bila seli.

Miongozo ya Chama cha Kimataifa cha Vesikeli za Nje ya Seli, iliyotoka mwaka 2014 na kuhuishwa mwaka 2018 na 2023, inataka uonyeshe protini ya utandoni kama CD63, protini ya ndani kama TSG101 au ALIX, na pia upime uchafu kama apolipoprotini na albumini. Sharti hilo la mwisho ndilo watu wanalolikwepa, na ndilo lingewaokoa.

Dalili ya tatu: vesikeli zimepotea

Hapa hesabu ni ndogo mno, au jana ilikuwepo na leo haipo. Kwanza kagua uzimuaji, yaani kiasi cha bafa ulichoongeza kupunguza wingi wa chembe. Mashine nyingi za kufuatilia chembe hufanya kazi vizuri kati ya chembe milioni 10 na bilioni 1 katika mililita, na ukizimua kupita kiasi utahesabu chembe chache ambazo hazina maana ya kitakwimu. Zimua sampuli moja kwa viwango vitatu, kwa mfano mara 500, mara 1,000 na mara 2,000. Hesabu iliyosahihishwa kwa uzimuaji inapaswa kubaki ileile. Isipobaki, uko nje ya uwezo wa mashine, juu au chini.

Pili, angalia mashapo. Baada ya kuzungusha kwa mara 100,000 ya uvutano, mashapo ya vesikeli kutoka kwenye mililita moja ya plazma mara nyingi hayaonekani kwa macho kabisa, na mtu anayemwaga maji ya juu kwa kuinamisha tyubu huyamwaga bila kujua. Kabla ya kuweka tyubu kwenye rota, chora alama kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa nje utakaokabili ukuta wa rota. Mashapo yatakuwa chini ya alama hiyo. Fyonza maji kutoka upande wa pili, acha mikrolita 50 hivi, kisha osha ukuta ule ulioweka alama kwa pipeti, polepole, mara 20 au 30.

Tatu, vesikeli hunata kwenye plastiki, hasa zikiwa chache ndani ya PBS tupu. Tyubu zisizonata husaidia, na bafa iliyoongezwa albumini kidogo na sukari ya trehalosi huzihifadhi vizuri zaidi kwenye jokofu la nyuzi −80 kuliko PBS peke yake. Gawa sampuli katika tyubu ndogo kabla ya kugandisha, ili kila moja iyeyushwe mara moja tu. Umeme ukikatika na jokofu likapanda joto, andika saa na kiwango cha joto kilichofikiwa kwenye daftari. Sampuli zilizoyeyuka na kuganda tena zisichanganywe na nyingine, hata kama kwa macho zinafanana.

Chanzo cha nadra zaidi ni udogo wenyewe. Mwanga unaotawanywa na chembe hupungua kwa kipeo cha sita cha kipenyo chake, maana yake chembe ya nanomita 50 hutawanya mwanga mara 64 pungufu ya ile ya nanomita 100 iliyotengenezwa kwa kitu kilekile. Zaidi ya hapo, vesikeli hutawanya mwanga kidogo kuliko polistirini ya ukubwa uleule. Kwa hiyo mashine iliyohakikiwa kwa shanga inaweza kuonyesha shanga za nanomita 60 vizuri na isione vesikeli za nanomita 60 kabisa. Hapo hakuna cha kutengeneza. Sema tu katika ripoti mpaka wa chini wa kipimo chako.

Simama hapa: sentrifuji ya kasi kubwa ikitoa sauti ngeni, ikitetemeka, au rota yake ikiwa na mkwaruzo au doa la kutu, izime na usiiwashe tena hadi mtaalamu wake aikague. Rota ina idadi ya mara inazoruhusiwa kutumika maishani mwake, na daftari la rota si urasimu. Tyubu ya damu ikipasuka ndani, usifunue mfuniko mara moja. Ngoja dakika 30 matone yaliyo hewani yatue, kisha mwite msimamizi wa usalama wa kibaiolojia.

Dalili ya nne: ukubwa unaosomeka si wa kweli

Mashine ya leza haipimi kipenyo moja kwa moja. Inapima jinsi chembe inavyotikiswa na molekuli za maji, ule mwendo wa Brown, kisha hukokotoa kipenyo kwa kanuni ya Stokes na Einstein, ambayo inahitaji joto na mnato wa kimiminika, yaani ugumu wake wa kutiririka. Kwa hiyo kosa la kwanza la kutafuta ni joto. Maji yenye nyuzi 30 ni mepesi kutiririka kuliko ya nyuzi 20 kwa karibu robo. Mashine ikiamini chumba kina nyuzi 20 wakati kina 30, chembe ya nanomita 100 itasomeka kama ya 77 hivi. Katika miji yetu ya pwani, kiyoyozi kikizimwa saa sita mchana, hilo ni jambo la kawaida kabisa. Weka kipimajoto karibu na chumba cha sampuli, na acha sampuli ikae dakika tano kabla ya kuanza.

Kosa la pili ni mtetemo. Jenereta iliyo nyuma ya ukuta, sentrifuji kwenye meza ileile, hata mlango unaofungwa kwa nguvu, huongeza mwendo usio wa Brown. Dalili yake ni chembe zote kwenye kioo kusogea pamoja upande mmoja. Katika maabara moja niliyokuwamo tulihangaika wiki tatu na vesikeli zilizosomeka ndogo kila alasiri, tukabadilisha bafa, safu na kingamwili, hadi mhudumu wa usafi alipotuambia kwamba pampu ya maji ya jengo huwashwa saa nane. Tulihamishia mashine kwenye meza ya zege na tatizo likaisha.

Ukubwa ukisomeka mkubwa kuliko ulivyotarajiwa, vesikeli pengine zimegandana wakati wa kuzungushwa kwa kasi. Zisukume polepole kwa pipeti, au badilisha njia ya kutenganisha. Thibitisha kwa hadubini ya elektroni kabla ya kuandika lolote. Anayepaka rangi ya urani asetati akumbuke kwamba ni sumu na ina mnururisho hafifu. Kama maabara yako haina utaratibu wa kuitupa, mpelekee sampuli aliye nao.

Kwa wanaotumia mashine za kitundu, ambapo kila chembe hukatiza mkondo wa umeme inapopita, tatizo karibu daima ni kuziba. Mkondo wa msingi ukishuka ghafla, geuza mgandamizo, osha, rudia shanga. Ukiziba mara tatu mfululizo, sampuli ina vigandamano na ichujwe au izungushwe kwanza.

Dalili ya tano: kihisi cha dhahabu kinaitikia kila kitu

Mwaka 2014 Hyungsoon Im, Hakho Lee, Ralph Weissleder na wenzao wa Massachusetts General Hospital walieleza kihisi walichokiita nPLEX: utando wa dhahabu wenye safu za vitundu vya nanomita 200, vilivyopakwa kingamwili. Vesikeli inaponaswa, rangi ya mwanga unaopita kwenye vitundu huhama kidogo, na walikitumia kutazama protini za CD24 na EpCAM katika vesikeli za wagonjwa wa saratani ya ovari. Wengi leo hutengeneza vihisi vya namna hiyo, na lalamiko ni lilelile: kituo chenye kingamwili isiyohusika kinaitikia sawa na kile cha EpCAM.

Kwanza ni kunata ovyo. Dhahabu isiyofunikwa hupenda protini yoyote. Funika nafasi zilizobaki kwa polithilini glikoli na albumini, na kila mara ondoa kwenye hesabu ishara ya kingamwili isiyohusika ya aina ileile, si ya bafa pekee. Pili ni mapovu ya hewa, yanayoonekana kama mruko mkali na wa ghafla; ondoa hewa kwenye bafa kabla ya kuipitisha. Tatu ni kuhama kwa joto, ambako hutokea polepole na kwa vituo vyote pamoja. Nne, na hili ni la kukumbuka kwa plazma, ni protini huru: EpCAM na CD63 zinaweza kuwamo kwenye damu nje ya vesikeli. Pitisha sampuli ileile iliyotiwa sabuni. Ishara ikibaki palepale, kilichonaswa ni protini iliyojitegemea.

Rangi za utando kama PKH zina ugonjwa unaofanana: hufanya matone yao wenyewe yanayong'aa kama vesikeli. Kingamwili zilizopakwa rangi nazo hugandana. Zizungushe kabla ya kuzitumia, na pima rangi pekee ndani ya bafa.

Dalili ya sita: wagonjwa na wenye afya wanatengana vizuri mno

Kutotofautiana kunahuzunisha, lakini kutofautiana kupita kiasi ndiko kunakoniogopesha. Grafu ikionyesha makundi mawili yasiyogusana hata kidogo, usifurahi kabla ya kuuliza damu ilichukuliwa vipi.

Swali la kwanza ni tyubu. Kama wagonjwa walichukuliwa damu wodini kwa tyubu ya kifuniko chekundu na wenye afya walichukuliwa kwenye kliniki kwa kifuniko cha zambarau, unalinganisha seramu na plazma, na damu inapoganda chembe sahani hutoa vesikeli nyingi mno. Tumia plazma ya EDTA au sitrati, dawa za kuzuia damu isigande, kwa wote. Epuka kifuniko cha kijani, kwa kuwa heparini iliyomo huzuia PCR, njia ya kunakili vinasaba ili visomeke, inapotumika kwa RNA.

Swali la pili ni muda na mzunguko. Plazma izungushwe mara mbili, kila mara kwa dakika 15 kwa mara 2,500 ya uvutano, katika joto la chumba, ndani ya saa moja au mbili baada ya kutolewa, na kabla ya kugandishwa. Chembe sahani zikibaki zikagandishwa, zitapasuka wakati wa kuyeyushwa na kujaza sampuli vipande. Pima CD41 au CD61, protini za chembe sahani, kuona kiasi chake. Kwa chembe nyekundu zilizopasuka, pima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 414. Plazma yenye wekundu isitumike.

Swali la tatu ni magonjwa mengine, nalo katika Afrika Mashariki lina uzito wake. Chembe nyekundu zilizoshambuliwa na vimelea vya malaria hutoa vesikeli nyingi kuliko kawaida, na mtu anaweza kuwa na vimelea bila homa. Kila mshiriki, mgonjwa na mwenye afya, apimwe malaria siku ileile. Virusi vya UKIMWI navyo vina ukubwa wa takriban nanomita 100 na msongamano unaokaribiana na wa vesikeli, kwa hiyo utenganishaji wa kawaida hauvitoi. Anayetafiti saratani ya Kaposi, ambayo huambatana sana na maambukizi hayo, asichukulie kila chembe ya nanomita 100 kuwa ni ya uvimbe. Na damu yote ishughulikiwe kama yenye maambukizi.

Swali la nne ni kiashiria chenyewe. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba vesikeli zenye protini ya glipikani-1 (GPC1) zilitenganisha kikamilifu wagonjwa wa saratani ya kongosho na watu wenye afya. Maabara nyingine zilizorudia hazikupata mtengano safi namna ile, na mwaka 2017 kundi la Massachusetts General Hospital lilipendekeza mkusanyo wa viashiria vitano, yaani EGFR, EPCAM, MUC1, GPC1 na WNT2, kwa kuwa kimoja hakikutosha. Rudia jaribio kwa sampuli za hospitali nyingine, mpimaji akiwa hajui ipi ni ya nani, na uweke kundi la tatu la wenye uvimbe usio wa saratani au uvimbe-uchungu (inflamesheni) wa kiungo kilekile. Hilo kundi la tatu ndilo daktari atakalokutana nalo kliniki.

Mkojo

Kwa mkojo, vesikeli zikipotea karibu daima zimenaswa na uromodulini, protini inayofanya nyuzi ndefu na kushuka nazo kwenye mzunguko wa mwanzo. Tia kemikali ya ditiotreitoli kuzikata nyuzi hizo, na gawanya hesabu kwa kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo, ili mkojo mzito na mwepesi vilinganishike.

Pa kusimama kabisa

Mshiriki akikuuliza majibu yake, usimpe. Kipimo cha utafiti kilicho kwenye meza yako hakijathibitishwa kwa matumizi ya tiba, na kauli moja ya “inaonekana hakuna kitu” inaweza kumfanya mtu asirudi hospitali. Ukiona ishara inayokutia wasiwasi, mweleze daktari msimamizi wa utafiti kwa njia iliyoidhinishwa na kamati ya maadili. Yeye ndiye ataamua kama mtu huyo aitwe kwa picha au kwa kuchukuliwa kipande cha nyama na kusomwa na mtaalamu wa patholojia. Hata kipimo cha mkojo cha saratani ya tezi dume kinachosoma RNA za ERG, PCA3 na SPDEF ndani ya eksosomu, ambacho tayari kinatumika Marekani, hutumiwa kumsaidia daktari kuamua kama sindano ya kuchukua nyama inahitajika, na utambuzi wenyewe wa saratani hubaki kwa anayekitazama kipande hicho chini ya hadubini.